Ijue Kamera ya Zamani: Pentax K1000

Katika toleo hili la jarida letu nimeamua kukueleza habari za chombo ambacho wengi wetu tumewahi kukiona nyumbani juu ya kabati, kimefungiwa ndani ya mfuko wa ngozi, lakini hatujui kinavyofanya kazi. Nacho ni kamera ya filamu, ile ya kufokasi kwa mkono. Najua wapo watakaocheka na kusema, "Ah, hiyo si chuma kuukuu tu! Simu yangu inapiga picha kali kuliko hiyo." Haya, cheka kwanza, lakini usifunge ukurasa.

Kamera ninayoijua mimi ni Pentax K1000. Ni ya mjomba wangu, kakake mkubwa mama yangu, ambaye alikuwa mpiga picha wa kuzunguka hapa Gataka, Ongata Rongai hadi Kiserian tangu miaka ya themanini mpaka simu za kamera zilipoenea. Alipiga harusi, ubatizo, mazishi, sherehe za shule na picha za paspoti. Kwa kamera hiyo moja alilipa karo ya watoto wanne. Siku hizi macho yake yamefunikwa na mtoto wa jicho, kwa hivyo mimi ndiye ninayempangia vitu vyake siku za Jumamosi. Haya nitakayoyaeleza nimeyashika kwa mikono yangu, na pale ambapo sikuelewa, nilimuuliza yeye.

Kabla ya yote, shika jambo moja. Kamera hii haikufikirii. Simu ukiielekeza mahali, yenyewe huamua mwanga, huamua fokasi, hata huamua rangi ya uso wako iweje. K1000 hungoja wewe uamue, halafu inatii. Ukiamua vizuri, sifa ni zako. Ukiamua vibaya, usiilaumu kamera.

ILIKOTOKA

Kampuni ya Asahi ya Ujapani ilitoa kamera yake ya kwanza ya aina hii, Asahiflex, mwaka wa 1952. Mpiga picha alikuwa akiinamisha kichwa na kuchungulia kutoka juu, na taswira aliyoiona ilikuwa imegeuka, kushoto kuwa kulia. Fikiria kumfuata mtu anayetembea huku kila kitu kinakwenda kinyume! Mwaka wa 1957 kampuni hiyo ikatoa Asahi Pentax, ambayo ilikuwa na prizimu ya pande tano juu yake, na hiyo ikanyoosha taswira. Ile "penta" unayoisoma kwenye jina maana yake ni tano. Mwaka wa 1959 kampuni nyingine ya Ujapani ikaleta Nikon F, ambayo waandishi wa habari waliibeba hadi vita vya Vietnam.

K1000 yenyewe ilianza kuuzwa mwaka wa 1976. Haikuwa kamera ya kujivunia. Wakati huo tayari kulikuwa na kamera zilizoanza kujiamulia mambo kwa umeme. Hii ilitengenezwa iwe rahisi, ngumu na ya bei nafuu, na kwa sababu hiyo walimu wa upigaji picha katika nchi nyingi waliwaambia wanafunzi wao wanunue hiyo. Ilitengenezwa Ujapani, baadaye Hong Kong na Uchina, na ilipokoma mwaka wa 1997 zilikuwa zimeuzwa zaidi ya milioni 3. Kamera iliyokaa sokoni miaka 21 bila kubadilishwa sana si mchezo.

JINSI UNAVYOONA KUPITIA LENZI

Sote tulisoma kamera ya tundu la sindano kidato cha kwanza: sanduku lenye giza, tundu dogo mbele, na taswira iliyopinduka miguu juu kwenye ukuta wa nyuma. K1000 ni sanduku hilohilo, ila mahali pa tundu pamewekwa lenzi na mahali pa ukuta pamewekwa filamu. Wale watakaoendelea na fizikia kidato cha nne watakutana na lenzi hizi darasani, kwa hivyo sikilizeni vizuri.

Swali ni hili: ikiwa filamu iko nyuma ya lenzi, wewe unachungulia wapi? Jibu ni kioo. Ndani ya kamera, mbele ya filamu, kuna kioo kidogo kilichoinama nyuzi 45. Mwanga ukiingia kwenye lenzi hugonga kioo hicho, hupanda juu hadi kwenye skrini, huingia katika ile prizimu ya pande tano, hupindishwapindishwa humo, halafu hufika kwenye jicho lako ukiwa umenyooka. Kwa hivyo unachokiona dirishani ndicho ambacho lenzi inakiona. Ukibadilisha lenzi, mwono wako nao unabadilika.

Ukibonyeza kidude cha kupigia, kioo huruka juu, pazia mbili za kitambaa zilizo mbele ya filamu, ambazo pamoja huitwa shata, hufunguka na kufunga, kisha kioo hurudi chini. Ndio ule mlio wa "klaki" ambao wazee wanaukumbuka. Na hapa pana ajabu. Kioo kikiwa juu, dirisha huwa giza. Maana yake ni kwamba sekunde ileile ambayo picha inapigwa, wewe mpiga picha huoni kitu! Mjomba aliniambia, "Ukiona mtu amefumba macho, hiyo picha hukuipiga. Ukiwa hukuona, ndio umeipiga."

Fokasi nayo unaifanya kwa kuzungusha pete ya lenzi. Katikati ya dirisha kuna duara dogo. Kama fokasi haijakaa, humo ndani ya duara taswira hukatikakatika na kumetameta kama barabara ya lami mchana wa jua kali. Zungusha polepole. Mmetameto ukiisha na kope za mtu zikaonekana wazi, simama hapo.

MTUNGI WA MAJI

Sasa tufike kwenye kazi yenyewe. Kila picha inahitaji kiasi fulani cha mwanga, usizidi wala usipungue. Mjomba alinifundisha jambo hili kwa mtungi wa maji, na sisi watu wa Kajiado tunaopanga foleni kwenye kioski cha maji tutamwelewa upesi.

Chukua mtungi wa lita 20. Unaweza kuujaza kwa kufungua bomba lote kwa muda mfupi, au kwa kulifungua kidogo kwa muda mrefu. Mwishowe maji ni yaleyale. Ukichelewa kufunga, maji yanamwagika. Ukiwahi, unarudi nyumbani na nusu mtungi. Katika kamera, maji ni mwanga, ukubwa wa mdomo wa bomba ni tundu la lenzi, na muda wa kufungua bomba ni mwendo wa shata.

Tundu la lenzi limeandikwa namba: 2, 2.8, 4, 5.6, 8, 11, 16 na 22. Namba hizi huwachanganya watu kwa sababu ndogo ndiyo tundu kubwa. Siri yake ni kwamba ni hesabu ya kugawanya. Lenzi ya mjomba ina urefu wa fokasi wa milimita 50. Gawanya kwa 2, unapata tundu la upana wa milimita 25. Gawanya kwa 16, unapata milimita 3 na kidogo. Umeona? Kila ukipanda namba moja, mwanga unaoingia unapungua nusu.

Muda wa shata uko kwenye kigurudumu cha juu: sekunde 1, nusu, robo, moja ya nane, halafu 1/15, 1/30, 1/60, 1/125, 1/250, 1/500 na 1/1000. Hapa pia kila hatua ni nusu ya ile iliyotangulia. Kwa kuwa zote mbili hukatwa nusu kwa nusu, unaweza kubadilishana. Tundu 16 kwa 1/125 ni sawa na tundu 11 kwa 1/250, na ni sawa na tundu 8 kwa 1/500. Mtungi unajaa vilevile.

Na ukubwa wa mtungi? Hiyo ni filamu. Filamu huandikwa ASA 100, 200 au 400. Ile ya 400 ni mtungi mdogo: ikiwa ASA 100 ni lita 20, basi ASA 400 ni lita 5. Hujaa upesi, kwa hivyo hufaa ndani ya kanisa au jioni. Lakini chembechembe zake huonekana zaidi kwenye picha. Unainua ukingo wa kile kigurudumu cha shata na kuzungusha mpaka namba ya filamu yako itokee, ili kamera ijue umeipa mtungi upi.

Pengine utauliza, kama mtungi unajaa vilevile, kuna haja gani ya kuchagua? Haja ipo, tena kubwa. Tundu likiwa pana, kitu ulichofokasi huonekana wazi na vilivyo nyuma yake hufifia. Hiyo ni nzuri kwa picha ya mtu mmoja, hasa kama nyuma yake kuna kamba ya nguo au choo cha mabati. Tundu likiwa jembamba, vya karibu na vya mbali vyote huonekana. Maharusi wakitaka Milima ya Ngong ionekane nyuma yao pamoja na ukoo mzima, mjomba aliweka 11 au 16.

Shata nayo huamua habari za mwendo. Chini ya 1/60 mkono wako ukitetemeka kidogo tu, picha inaharibika. Mbuzi akikimbia, weka 1/500. Lakini morani akiruka kwenye sherehe, mjomba alitosheka na 1/125. Kwa nini? Sisi wa kidato cha tatu tumesoma kwamba kitu kilichorushwa juu hupunguza kasi hadi sufuri pale kileleni kabla hakijaanza kushuka. Mjomba hakusoma fizikia hiyo. Aliijua kwa macho. Alingoja morani afike juu kabisa, hapo alipokuwa kama ametundikwa hewani, akabonyeza.

SINDANO NA NYUSO ZETU

Ukichungulia dirishani, upande wa kulia utaona sindano ndogo. Ikipanda juu, mwanga umezidi. Ikishuka, haujatosha. Unazungusha tundu au shata mpaka sindano ikae katikati. Hiyo ndiyo mita ya mwanga, na ndiyo kitu pekee kinachotumia betri katika kamera yote. Betri yenyewe ni kidogo kama kifungo cha shati. Ikifa, sindano inalala, lakini kila kitu kingine kinaendelea kufanya kazi. Kwa jua la hapa kwetu la saa nne au saa tisa, hata sindano huihitaji: weka tundu 16, na shata iwe karibu na namba ya filamu. ASA 100 weka 1/125, ASA 200 weka 1/250. Wapiga picha duniani kote wanaijua kanuni hii.

Sasa sikiliza hapa, maana ndipo penye uzito wa makala yangu. Sindano inaweza kukudanganya. Mita ilitengenezwa ikidhani kwamba kila kilicho mbele yake, kikichanganywa pamoja, ni cha kijivu: si cheupe, si cheusi. Basi mweke mbele yake bibi harusi mweusi aliyevaa gauni jeupe linalojaza dirisha lote. Mita itaona weupe na kusema, "Mwanga umezidi!" Ukiitii na kupunguza, gauni litatoka la kijivu na uso wa bibi harusi utatoka kama mkaa. Macho na meno ndiyo yataonekana. Wangapi kati yetu wana picha kama hizo za wazazi wao ukutani?

Tena kosa halikuwa la mita peke yake. Kwa miaka mingi mashine za kuchapisha picha za rangi zilisawazishwa kwa kadi za mfano zilizotolewa na kampuni ya Kodak, na aliyekuwa kwenye kadi hizo alikuwa mwanamke mweupe. Wafanyakazi waliziita kadi za Shirley. Ngozi yake ikitoka vizuri, mashine ilihesabiwa kuwa iko sawa. Ni miaka ya 1990 ndipo Kodak ilipotoa kadi yenye wanawake wa rangi mbalimbali. Kwa hivyo mpiga picha wa Gataka alikuwa akifanya kazi na vyombo ambavyo havikutengenezwa vikifikiria uso wa mteja wake.

Alifanyaje? Aliamua mwenyewe. Mjomba hakupima gauni. Aliweka kiganja chake mbele ya lenzi, katika mwanga uleule ulioangukia uso wa mtu, akasoma sindano, halafu akafungua tundu hatua moja zaidi. Viganja vya watu, awe mweusi au mweupe, havitofautiani sana, navyo ni vyeupe kuliko kile kijivu cha mita kwa kama hatua moja. Kama hapakuwa na nafasi ya kupima kiganja, alipima nyasi za karibu, kwa sababu nyasi zinakaribia sana kijivu hicho. Saa sita mchana, jua linapomsimamia mtu utosini na kumtia kivuli machoni, aliwapeleka watu chini ya mgunga. Kukiwa hakuna mti aliwasha flashi, na flashi ya K1000 haikubali kupita 1/60.

Nimepitia picha zake za harusi nyingi. Gauni ni jeupe, uso una rangi yake, hata shanga shingoni unaweza kuzihesabu. Kamera ya kujiamulia ingetii sindano. Hii ilimtii mtu aliyewajua watu wake. Kwa maoni yangu, huo ndio ubora wa kamera ya mkono: inakupa ruhusa ya kukataa.

AMBAVYO HAINA

Tusiisifu mpaka tukaharibu. K1000 haina mengi. Haina swichi ya kuzima mita, kwa hivyo usipofunika lenzi kwa kifuniko chake mwanga huendelea kula betri. Haina kitufe cha kukuonyesha mapema ni sehemu gani zitafifia. Pia haina ile saa ya kuchelewesha ili mpiga picha akimbie akasimame na wenzake. Ndiyo sababu katika picha za jamaa zetu za miaka ile yote mjomba haonekani kabisa. Yupo, lakini yuko upande huu wa lenzi.

PICHA 36

Filamu ya milimita 35 huja kwenye kikopo kidogo, na roli moja ina picha 24 au 36. Kila picha ni milimita 36 kwa 24. Ili kuitia, unavuta kile kifundo cha kushoto juu, mlango wa nyuma unafunguka. Unaweka kikopo kushoto, unavuta ulimi wa filamu hadi kulia, unauchomeka kwenye mhimili, unahakikisha meno yameshika vitundu vya pembeni, unafunga. Halafu ukivuta mtambo wa kusogeza filamu, angalia kifundo cha kushoto. Kikizunguka, filamu inatembea. Kisipozunguka, unapiga hewa. Mjomba anasimulia habari za mpiga picha mmoja aliyepiga harusi nzima kutoka kanisani hadi kukata keki bila filamu kusogea hata kidogo. Huyo alihama mtaa.

Roli ikiisha, unabonyeza kidude kilicho chini ya kamera, unakunjua mkono wa kile kifundo, na kuirudisha filamu yote ndani ya kikopo. Ukifungua mlango kabla ya hapo, mwanga unaingia na kazi yote inateketea. Kisha filamu ilipelekwa Nairobi kusafishwa, na wateja walingoja siku kadhaa. Picha 36, bibi harusi mmoja, wazee, watoto, keki na zawadi. Hapakuwa na kurudia. Mjomba alikuwa akihesabu watu kabla ya kuhesabu picha. Aliniambia kwamba alikuwa akizibakiza tatu za mwisho kwa ajili ya wazee, kwa sababu huenda ikawa ndiyo picha yao ya mwisho.

AKIBA HAIOZI

Nimefika mahali ambapo napenda kila msomaji atulie. Picha ya karatasi ikipotea, haijapotea kabisa kama kuna negativu. Negativu ni ile filamu yenyewe iliyosafishwa, ambamo nyeupe ni nyeusi na nyeusi ni nyeupe. Mjomba ana makopo saba ya biskuti yaliyojaa negativu zilizokatwa vipande vya picha nne nne au sita sita.

Mwaka wa 2023 jirani yetu mmoja alifiwa na mumewe. Picha za marehemu zilikuwa kwenye simu, na simu iliibwa stejini miezi michache kabla. Hawakuwa na picha ya kuweka kwenye kitabu cha mazishi. Mama huyo alikuja kwa mjomba akamwuliza, "Shemeji, si wewe ulitupiga siku ile ya harusi yetu, mwaka wa 1994?" Tulitafuta jioni nzima. Mimi nilikuwa nikiinua vipande dirishani na kueleza ninachokiona, naye mjomba akisema, "Hapana, hao ni wa Kiserian. Endelea." Hatimaye nikaona gauni jeusi na suti nyeupe, maana kila kitu kimegeuzwa, na mwanamume mrefu ameinamisha kichwa kidogo. Mjomba akasema, "Ndiye. Alikuwa mrefu, nikamwambia ainame." Siku ya mazishi watoto wake walimwona baba yao akiwa kijana kwa mara ya kwanza.

Jambo hili halijatokea kwetu tu. Priya Ramrakha alikuwa mpiga picha Mkenya aliyezaliwa Nairobi mwaka wa 1935. Alipiga picha za harakati za uhuru katika Afrika kwa magazeti makubwa ya Marekani, na mwaka wa 1968 aliuawa akiwa kazini katika vita vya Biafra nchini Nigeria. Miaka kama arubaini baadaye, negativu na picha zake zikapatikana zimehifadhiwa katika gereji moja jijini Nairobi, na mwaka wa 2018 kikatoka kitabu kizima cha picha hizo. Wengi tunamjua Mohamed Amin, Mkenya aliyeionyesha dunia njaa ya Ethiopia mwaka wa 1984, akapoteza mkono Addis Ababa mwaka wa 1991, na kufa katika ndege iliyotekwa nyara na kuanguka karibu na Komoro mwaka wa 1996. Ramrakha hatukumjua sana, kwa sababu kazi yake ilikuwa gizani gerejini. Kilichomrudisha ni vipande vya filamu ambavyo hakuna mtu aliyevitupa.

Shida yetu ni moja. Negativu zipo, lakini majina hayapo. Makopo ya mjomba hayajaandikwa. Majina yote yamo kichwani mwake, na macho yake yanazidi kufifia. Kila Jumamosi mimi hueleza ninachokiona, yeye hutaja jina na mwaka, nami naandika kwenye bahasha. Tumemaliza makopo mawili. Yamebaki matano.

UKITAKA KUFANYA KAZI HIYO NYUMBANI

Huhitaji mashine ya bei ghali. Chukua simu moja, fungua ukurasa mweupe mtupu na uongeze mwangaza wa skrini mpaka mwisho. Weka kioo safi juu yake, kiinuliwe kidogo kwa vitabu viwili, ili nukta za skrini zisionekane. Laza negativu juu ya kioo, ukiishika pembeni tu, maana alama ya kidole haitoki. Zima taa za chumba. Kwa simu ya pili piga picha ya negativu hiyo, halafu tumia programu ya kuhariri picha kugeuza rangi. Zile za nyeusi na nyeupe hutoka vizuri mara moja. Za rangi hutoka na ubuluu, kwa sababu filamu yenyewe ina rangi ya machungwa, lakini unaweza kuurekebisha kidogo kidogo. Negativu zenyewe zihifadhi kwenye bahasha za karatasi, mahali pakavu, mbali na jiko na jua.

Kama kamera yenyewe iko nyumbani, usiilazimishe. Mtambo ukikwama, acha. Usiguse kile kioo cha ndani wala usikipulize kwa mdomo, mate yatakiharibu. Vumbi letu la Gataka liondoe kwa brashi laini. Angalia sponji za mlangoni. Zikiwa zimeoza na kunatanata, mwanga utapenya. Mulika lenzi kwa tochi uone kama kuna kuvu kama utando wa buibui. Fungua kikasha cha betri, na ukikuta ukijani, umelala humo miaka mingi.

Filamu bado inatengenezwa Marekani na Uingereza, ingawa bei yake inamtoa mwanafunzi jasho. Hata kampuni inayomiliki jina la Pentax ilitoa kamera mpya ya filamu mwaka wa 2024, iitwayo Pentax 17. Kwa hivyo tusiseme mambo haya yamezikwa. Lakini sikuandika haya ili uiache simu yako. Simu ni nzuri, nami ninayo. Nimeandika ili siku ukiishika, ukumbuke kwamba kuna maamuzi yanayofanyika humo ndani kwa niaba yako, na kwamba mtu anayejua mwanga anaweza kuyakataa.

Naomba walimu walezi wa chama chetu cha Kiswahili watupe alasiri moja ya muhula ujao. Kila mwanachama aulize nyumbani kama kuna kopo, bahasha au mfuko wa negativu, aje nao pamoja na mzee mmoja anayewajua waliomo. Tutaandika majina, kwa Kiswahili safi, mwaka na mahali. Anayekuja aje mapema, kabla jua halijashuka, maana tutahitaji dirisha. Nami nitamleta mjomba. Tena siku hiyo K1000 nitaishika mimi, ili naye awe kwenye picha.

Nakomea hapo, msomaji wangu. Tukijaliwa tutaonana katika toleo lijalo.